Niache ajira nikachonge vigoda?

BARUA

Shikamoo Mzee.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu. Ninaishi Moshi mjini, lakini kihamba cha baba yangu, yaani shamba la ukoo, kiko Marangu na huko ndiko ninakokwenda karibu kila mwisho wa juma. Kwa miaka 11 nimekuwa mtunza stoo katika kampuni ya pembejeo za kilimo. Sina ugomvi na kazi hiyo, ila moyo wangu uko kwenye mambo mawili, kutembea milimani na kuchonga mti. Jumamosi ninayoamka alfajiri nikapanda kufuata makorongo na maporomoko ya maji, nikarudi jioni na kipande cha mti begani, ndiyo siku ninayohisi kwamba juma langu limekamilika.

Nilianza kwa kuchonga fimbo za kutembelea kwa ajili yangu na wenzangu wawili tunaopanda pamoja. Baadaye nikachonga mbao za kukatia mboga kwa ajili ya mke wangu, kisha vigoda vya gogo moja kama kile alichokuwa akikalia bibi yangu jikoni. Watu wakaviona, wakaviomba, nikaanza kuuza. Katika miezi 5 iliyopita nimeuza fimbo 14 kwa shilingi 10,000 kila moja, mbao za kukatia 8 kwa 20,000, na vigoda 9 kwa 30,000. Kigoda kimoja hunichukua takriban saa 9, na mali ghafi hainigharimu chochote, kwa sababu vipande vingi ni vya miti na matawi yaliyoanguka yenyewe, ambayo huyaokota msituni nikiwa matembezini.

Sasa kuna taasisi ya mikopo iliyo tayari kunikopesha shilingi 6,000,000 ili ninunue mashine ya kukereza, msumeno wa mkanda na randa ya umeme, nami nirejeshe 340,000 kila mwezi kwa miezi 24. Mshahara wangu ni 650,000. Ninafikiri kwamba nikiacha kazi na kuchonga kila siku, nitauza mara tano au sita ya ninavyouza sasa. Mke wangu hakubali. Anasema sina biashara, nina mchezo unaolipa nauli, na maneno hayo yaliniumiza sana.

Kuna mambo mengine mawili yanayonisumbua. Mteja mmoja wa Dodoma alinunua kigoda, na baada ya wiki tano akanitumia picha ya ufa unaotoka katikati ya kikalio hadi ukingoni. Kingine kilipasuka nyumbani kabla sijakiuza, kwa hiyo katika vigoda 10 nilivyochonga nimepoteza viwili. Pia mwenye duka la vinyago mjini ananiomba nimpelekee miko 40 kwa mali kauli, anilipe kadiri inavyouzika. Vilevile nimewaza kuwapeleka wageni matembezini na kuwafundisha kuchonga. Je, Mzee, nifuate moyo wangu au nibaki stoo?

Mpenda Mlima, Moshi


JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na karatasi na kalamu mkononi, kwa sababu hukuficha hesabu zako. Wengi wanaoniandikia kuhusu kuacha ajira hunieleza ndoto yao bila kunieleza bei, saa wala idadi, nami hubaki sina la kushika. Wewe umenipa vyote, na kwa hiyo nitakujibu kwa kinaga ubaga. Usiache kazi mwaka huu, na usichukue mkopo huo. Hata hivyo sikuambii uache kuchonga, wala sikubaliani na neno "mchezo" alilolitumia mama watoto, ingawa hofu yake ninaielewa na nitairudia. Ninachokuambia ni kwamba umeanza kuwaza biashara hii kutoka upande wa mashine, ilhali inaanzia kwenye mti wenyewe, yaani umetoka wapi, umekauka kiasi gani, na umekula saa ngapi za maisha yako hadi ukawa kitu cha kuuzwa.

Nianze na ulikotoka, kwa sababu hapo ndipo uliponitia wasiwasi kuliko mahali pengine popote. Umeandika kwa furaha kabisa kwamba unaokota miti iliyoanguka msituni na kwamba haikugharimu chochote. Wewe ni mtu wa Marangu na unajua kwamba tangu mwaka 2005 msitu wa hifadhi unaouzunguka mlima uliingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ndani ya hifadhi ya taifa hata tawi lililoangushwa na upepo usiku wa jana si mali ya aliyeliona kwanza. Gogo linalooza pale ni nyumba ya wadudu, chakula cha uyoga na mbolea ya mche utakaoota mahali pake. Ukilichukua ili upumzike juu yake unavunja sheria. Ukilichukua, ukalichonga na kuliuza, unafanya biashara ya mazao ya hifadhi bila kibali, na hakuna askari atakayekusikiliza ukimweleza kwamba wewe ni mpenzi wa mlima. Acha tangu leo. Kipande ulichonacho nyumbani ambacho huwezi kueleza kwa uhakika kimetoka shamba la nani, usikiuze.

Bahati yako ni kwamba umezaliwa katikati ya vihamba, na kihamba ni ghala la miti ambalo mafundi wa mikoa mingine wangelitamani. Mringaringa ni mti mpole kwa patasi, mwepesi kiasi, na haupasuki ovyo. Ndiyo maana wazee walichongea mizinga na ngoma. Mgrivilia, ambao asili yake ni Australia na ulioenezwa kama kivuli cha kahawa, una madoadoa mazuri sana ukipasuliwa kwa kufuata mstari wa kiini, ingawa maji yake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo uchonge ukiwa umevaa shati la mikono mirefu. Mparachichi mzee uliokoma kuzaa hufaa kwa mabakuli. Lakini mti ambao ningekushauri uufanye wako kuliko yote ni mkahawa, yaani mbuni, mti wa kahawa.

Naomba unielewe vizuri hapo, kwa sababu naona ndiyo biashara yenyewe. Kahawa ndiyo iliyojenga shule na nyumba za bati katika vihamba vyetu. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho hadi leo kila Mchagga analijua jina lake. Sasa mibuni mingi ya zamani imezeeka na inang'olewa ili kupanda miche ya aina mpya inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, miche inayotoka kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungo. Shina la mbuni uliong'olewa kwa kawaida huishia kuwa kuni. Ni jembamba, halifai kigoda, lakini ni gumu, nyuzi zake zimebanana, na likisuguliwa kwa msasa mwembamba hung'aa kama jiwe la mtoni. Linatoa mwiko, kijiko cha kupimia kahawa, mpini wa kisu na fimbo ya kutembelea. Mgeni aliyekuja kuupanda mlima na kunywa kahawa yake, ukimpa kijiko kilichotoka kwenye mbuni uliopandwa na babu ya mtu unayemjua, umempa kitu ambacho hawezi kukikuta Nairobi wala Zanzibar, na kila neno unalomwambia ni kweli. Nunua mashina hayo kwa wakulima kwa bei ya haki, andika kwenye daftari jina la shamba na tarehe, na uombe barua ya mtendaji wa kijiji. Kwa mti mkubwa wa mbao, hata ule wa kihamba cha baba yako, usiuguse kwa msumeno kabla ya kumwona afisa misitu wa wilaya na kupata kibali cha kukata na hati ya kusafirishia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakuhusu wewe mwenye patasi kama inavyomhusu mwenye lori.

Katika jambo hilohilo la ukweli, utakutana na wageni watakaokuuliza kama kitu chako ni mpingo, na utaona wachongaji wanaojibu ndiyo huku wamepaka rangi ya viatu juu ya mti mweupe. Usiingie huko. Mpingo umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na tangu mwaka 2017 usafirishaji wake nje ya nchi una masharti yake. Mkahawa hauhitaji kuazima jina la mti mwingine.

Sasa ufa wa Dodoma. Nimeshika tezo na randa kwa zaidi ya miaka 30, na aibu kubwa niliyowahi kuipata kazini ilinipata huko huko Dodoma, nilipopeleka meza sita katika nyumba moja ya wageni, za mbao zilizokaa nje msimu mzima wa mvua, na kabla ya miezi miwili kupita mbao za juu za meza zilikuwa zimejikunja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Kwa hiyo sikucheki. Ninataka uelewe sababu, kwa kuwa ukishaielewa hutaupoteza tena mti kwa njia hiyo.

Mti mbichi una maji katika sehemu mbili: yaliyojaa kwenye uwazi wa nyuzi zake, na yaliyonywewa na kuta za nyuzi zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka, mti unapungua uzito tu na umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, yale ya pili ndiyo yanayoanza kutoka, na hapo mti husinyaa. Tatizo ni kwamba hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Kutoka kiini kwenda ganda husinyaa kidogo. Lakini kwa kuzunguka, kufuata duara la pete, husinyaa karibu mara mbili ya hivyo. Ukichonga kigoda kwa gogo zima lenye kiini chake ndani, duara la nje linataka kujibana na katikati panakataa, na mvutano huo lazima utafute mahali pa kutokea. Ndiyo maana ufa wako ulianzia katikati ukaenda hadi ukingoni. Marangu kuna ukungu na unyevu, Dodoma ni kukavu, na kigoda kilichoonekana kimetulia kwako kilikwenda kumalizia kukauka sebuleni kwa mteja.

Huenda utaniuliza mbona kigoda cha bibi hakikupasuka. Ninaamini kilichongwa kwa gogo pana lililopasuliwa kwanza, au kilikaushwa polepole juu ya dari ya jiko kwa miezi mingi, na hata hivyo ukikichunguza vizuri huenda utakuta nyufa ndogo ambazo moshi na mafuta vimezijaza. Basi fanya hivi. Gogo lipasue katikati ya kiini siku ileile linapofika, upate nusu mbili, na ukiweza robo nne. Chonga umbo la awali ukiacha unene wa ziada, kisha ncha zote mbili zilizokatwa zipake nta au rangi nzito ya mafuta, kwa sababu maji hutokea kwenye ncha haraka kuliko ubavuni, na haraka hiyo ndiyo inayopasua. Weka kivulini, juu ya vijiti ili hewa ipite chini, mbali na sakafu na mbali na jua. Halafu nunua mizani ya jikoni. Kila Jumapili pima kila kipande na uandike uzito wake kwa penseli juu ya mti wenyewe. Kipande ambacho uzito wake haujabadilika kwa wiki tatu mfululizo kimefikiana na hewa ya hapo kilipo. Kama kinakwenda mahali pakavu, kihamishie ndani ya nyumba ya mjini, chini ya paa la bati, ukipime tena, ndipo ukimalizie. Mizani hiyo itakufaa kuliko msumeno wa mkanda.

Ukihitaji mtu wa kukuonyesha kwa macho, hapo hapo Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, ambacho kazi yake ni kufundisha watu kupasua, kukausha na kutumia mbao, na kuna ofisi ya SIDO, shirika ambalo tangu mwaka 1973 limewekwa kwa ajili ya watu wa viwanda vidogo kama wewe. Nenda kaulize kozi fupi kabla ya kuuliza mkopo.

Tuje kwenye bei, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeuza kigoda kwa 30,000 ukadhani umepata 30,000. Mshahara wako wa 650,000 ukigawanywa kwa saa 195 za mwezi, kwa maana ya saa 45 kwa wiki ambazo sheria ya ajira inazitambua, unakupa shilingi 3,333 kwa saa. Saa zako 9 za kigoda ni sawa na 30,000, na tayari bei yako imeisha hapo. Bado hujalipia gogo la mringaringa, ambalo kuanzia leo huliokoti tena. Tuseme kipande chake ni 12,000. Msasa 3,000, nta na mafuta 2,000, kuchakaa na kunolewa kwa zana 3,000, nauli ya kutoka Marangu 2,000. Jumla ni 52,000. Kisha wewe mwenyewe umesema kwamba katika vigoda 10 viwili vinaharibika, maana yake vinane vinavyobaki lazima vibebe gharama ya vyote 10, na 520,000 ukiigawa kwa 8 unapata 65,000. Hiyo ndiyo gharama yako, bila faida hata ya shilingi moja na bila asilimia ya mwenye duka. Kwa kila kigoda ulichouza ulimpa mteja zawadi ya 35,000.

Hesabu hiyo ndiyo aliyokuwa akiisema mama watoto kwa lugha ya hasira. Mauzo yako ya miezi 5 ni 570,000, sawa na 114,000 kwa mwezi, na marejesho ya mkopo ni 340,000 kwa mwezi. Kwa miezi 24 utakuwa umelipa 8,160,000 kwa ajili ya mashine ambazo hazikaushi mti, hazitafuti mteja, na hazipunguzi saa za kumalizia kwa msasa, kazi ambayo wachongaji wote tunajua ndiyo inayokula nusu ya siku. Ungekuwa na oda zinazokushinda mikono, ningesema tofauti. Lakini wewe huna upungufu wa kasi, una upungufu wa bei. Ukihitaji kukereza bakuli, karakana za seremala mjini hukodisha mashine kwa saa au hukukerezea kwa malipo. Fedha ya kwanza itumie kununua bobari mbili nzuri, zile patasi zenye makali ya mviringo, jiwe la kunolea, ile mizani, na barakoa za vumbi. Barakoa sisemi kwa kupamba. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani wameliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mafundi wengi wa rika langu wanakohoa hadi leo.

Pandisha bei, basi, lakini pia badilisha unachotengeneza. Mgeni anarudi kwao na begi ambalo shirika la ndege mara nyingi limeliwekea kikomo cha kilo 23, na kigoda kimoja kitamlazimu kuacha viatu vyake vya mlimani hotelini. Kijiko cha mkahawa kinaingia mfukoni. Fimbo anaipenda, ila haingii ndani ya begi, kwa hiyo ikate katikati, utie kiungo cha shaba cha kufunga na kufungua. Tarakimu 5,895, ambazo ni mita za kilele cha Uhuru, zichome kwa waya wa moto karibu na mshikio. Ganda liondoe lote na hakikisha hakuna tundu la bungua, kwa sababu nchi kama Australia huzuia uwanjani vitu vya mti vyenye ganda au dalili za wadudu, na hutaki zawadi yako itupwe mbele ya mwenyewe. Vigoda viache viwe vya oda maalumu, kwa wenyeji na wenye hoteli, vyenye bei yake kamili na muda wa kusubiri wa miezi kadhaa.

Vitu vinavyogusa chakula usivipake vanishi, na usithubutu kutumia oili chafu ambayo maseremala hupaka kuzuia mchwa. Yeyusha nta ya nyuki ndani ya mafuta ya nazi, usugue kwa kitambaa kingali na joto. Mafuta ya nazi peke yake huganda kwa baridi ya Marangu na kuacha utando mweupe, na ndiyo sababu mchanganyiko uwe na nta ya kutosha na ufutwe vizuri usiku uleule.

Kuhusu miko 40 ya mali kauli, jibu langu ni hapana kwa 40 na ndiyo kwa 10. Mali kauli si ubaya, ndivyo biashara nyingi za kwetu zinavyoendeshwa, lakini kwa miko 40 wewe ndiye utakayekuwa umemkopesha mwenye duka mwezi mzima wa jioni zako bila riba. Mpelekee 10, mkiwa mmeandikiana idadi, bei yako wewe ambayo haishuki, tarehe ya kuhesabu pamoja kila mwisho wa mwezi, na kwamba kilichovunjika dukani ni chake. Akilipa kwa wakati mara tatu, mwongeze. Akianza kukuambia njoo kesho, utakuwa umepoteza miko 10 na umejua tabia yake kwa bei nafuu.

Wazo la kuwapeleka wageni matembezini sikushauri ulianze peke yako, kwa kuwa kuongoza watalii kuna leseni yake na bima yake. Lakini vijiji vya mlimani kama Materuni na Marangu tayari vina vikundi vinavyowatembeza wageni kwenye vihamba, vikiwaonyesha kuchuma, kukaanga na kutwanga kahawa kwa kinu. Mgeni anayetwanga kahawa yuko hatua tatu kutoka kwenye kijiko chako. Ongea na kikundi kimoja, uwape asilimia iliyo wazi, na ikiwezekana ukae nao Jumamosi moja kwa mwezi ukichonga mbele ya wageni. Mtu aliyekuona ukitoa kijiko ndani ya shina habishani sana juu ya bei.

Namba ya mlipakodi utaipata TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo, jina la biashara utalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, na leseni utaiuliza manispaa. Mambo hayo ni ya siku chache, usiyaogope na usiyaahirishe.

Swali la lini uache kazi sasa lina jibu linalopimika, nalo ni la kujibiwa na watu wawili. Keti na mke wako, umwonyeshe hesabu ya 65,000 kama nilivyoiandika, ukiri kwamba aliona jambo ambalo wewe hukuliona, kisha mkubaliane kipimo. Changu ni hiki: mwaka mmoja mzima wa daftari, ukijumuisha miezi ya Machi hadi Mei ambapo mvua za masika huwapunguza wageni mlimani, uonyeshe kwamba baada ya kulipia mti na vifaa kinabaki kiasi kinachokaribia mshahara wako, na pembeni iwepo akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita. Kumbuka kwamba kazini unapata pia michango ya NSSF na pengine bima ya afya ya watoto, mambo ambayo hayaonekani kwenye 650,000 lakini utayaona siku ya kwanza yatakapokosekana. Miezi hiyo ya masika usiihesabu kuwa mibovu. Ndiyo ya kupasua, kupanga na kukausha mzigo wa msimu wa Juni.

Na mlima usiuache. Weka Jumamosi moja kwa mwezi ambayo unapanda bila kisu na bila kurudi na mti, kwa sababu kama nilivyoisoma barua yako, kuchonga kwako kumetokana na kutembea huko.

Lakini kabla ya hayo yote kuna deni. Yule mteja wa Dodoma mwandikie wiki hii, umweleze kwa nini kigoda kilipasuka, umwombe radhi, na umwachie achague kati ya kurudishiwa 30,000 zake na kungoja kingine. Akichagua kungoja, tafuta nusu gogo la mringaringa lisilo na kiini, lipime kila Jumapili, na utakapomtumia kigoda chake mwachie zile tarakimu za penseli chini ya kikalio, bila kuzifuta, azione.